Mwingereza, Mwitaliano na Ndoo ya Dizeli

Huwa naandika kwa penseli kwanza. Nikiridhika napitisha kalamu juu yake, kisha nafuta penseli kwa ufutio mpaka karatasi ibaki kama imeandikwa na mtu asiyekosea. Mzee alinicheka kwa jambo hilo tangu wiki ya kwanza. "Wewe kijana hata ukiomba ruhusa ya kwenda choo utaandika mara mbili." Nataja penseli mapema kwa sababu uongo mbaya kuliko wote niliowahi kuandika niliuandika hivyo hivyo, kwa utaratibu, na ukatoka safi kabisa.

Tulikuwa madereva wawili, Wakenya sote, katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Mzee alikuwa amemaliza miaka minane pale. Mimi nilifika kupitia wakala wa Nairobi nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na ufundi niliojifunza kwa kusimama nyuma ya watu kwenye gereji za kando ya barabara Nakuru. Tuliwapeleka watoto shuleni na madam kwenye shughuli zake, na saa zilizobaki tulitunza magari mawili ya zamani ya kafili wetu, mwajiri aliyetudhamini, ambaye sote tulimwita baba.

Magari yale yalikuwa ya miaka ya sitini, ya milango miwili. Yalitengenezwa Ulaya kwa ajili ya tajiri anayetaka kunywa chai ya asubuhi nchi moja na kula chakula cha jioni nchi nyingine bila kuchoka wala kukunja suti. La kwanza lilikuwa la Kiitaliano, buluu iliyokolea, silinda kumi na mbili na kabureta sita. La pili lilikuwa la Kiingereza, rangi ya fedha, silinda sita katika mstari mmoja. Tuliyaita Mwitaliano na Mwingereza. Mwingereza alikuwa chini ya mzee. Mimi nilipewa Mwitaliano kwa sababu, alivyosema mzee, kijana na kelele ni ndugu.

Kila gari lilikuwa na faili. Wanaokusanya magari ya aina hii hulipenda faili karibu kama gari lenyewe: kila plagi iliyobadilishwa, kila mkanda, kila tone la rangi huandikwa, na mwenye gari hutia sahihi. Baba alizungumza nasi Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu, na kanuni yake ilikuwa moja. Kilichofanywa kiandikwe, kisichoandikwa kisifanywe. Mzee hakupenda kuandika, kwa hiyo mafaili yote mawili yalikuja mikononi mwangu. Niliyapenda. Nilijifunza Kiingereza cha injini kwa kusoma vitabu vya matengenezo vilivyokuwa kwenye kabati la gereji, kamusi ikiwa kando, na kosa dogo la herufi lilinikosesha raha hata siku mbili.

Kisha madam akapata leseni. Ulikuwa mwaka ule wanawake wa Saudia walipoanza kuendesha wenyewe, na mzee alipewa kazi ya kukaa pembeni ya madam anapoizoea barabara. Alirudi kila siku akijifuta jasho. "Leo ameingia mzunguko kama anaingia sebuleni kwake. Hasalimii mtu!" Tulicheka sana. Hatukuwaza mara moja kwamba madam akishazoea, nyumba haitahitaji madereva wawili.

Baba aliwaza kabla yetu. Alituita gerejini akatuambia kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Kuna mkusanyaji wa Riyadh anayetaka gari moja kati ya haya mawili. Atachagua mwenyewe baada ya mtaalamu wake kuyakagua. Litakalobaki litabaki na mtunzaji wake. Mwenzake atapewa tiketi na barua nzuri.

Mzee alikuwa na binti yake wa mwisho katika chuo cha uuguzi, amebakiza mwaka mmoja. Jambo hilo lilijulikana mpaka kwa muuza mboga. "Mwaka mmoja tu," alizoea kusema, "kisha nawaachia jangwa lenu." Mimi sikuwa na mtoto wala mke. Nilikuwa na hofu tu, hofu ya kurudi Nakuru kabla ya miaka miwili ya mkataba kwisha, watu wakauliza nimefanya nini.

Siku ile ile baba akaniambia niandike ulinganisho wa magari yote mawili ili mnunuzi ausome. Wewe unapenda kuandika, alisema.

Niliuandika kwa siku nne. Nilisema Mwitaliano ana sauti isiyo na mfano, lakini kabureta zake sita zinataka kulinganishwa kila mara kama watoto wanaogombana. Kwamba hupata joto haraka kwenye mlima. Kwamba klachi yake ni nzito na vipuri vyake husubiriwa miezi. Nilisema Mwingereza hana haraka ya kujionyesha, lakini huvuta tangu chini, hupoa vizuri, viti vyake ni vya ngozi ile ile ya kiwandani, na mtu anaweza kushuka baada ya safari ya siku nzima akasimama wima. Kila sentensi ilikuwa kweli. Ni mpangilio tu uliokuwa na nia. Nilitaka mnunuzi amalize kusoma akimtaka Mwingereza.

Mzee aliniomba nimsomee kwa Kiswahili. Alisikiliza ameegemea ubavu wa gari lake, glasi ya chai mkononi.

"Umemsifu mpaka nataka kumposa," alisema.

"Nimeandika ukweli, mzee."

"Ukweli upo." Akanywa chai kidogo. "Lakini anayesifiwa hivi huolewa."

Akanitazama, kisha akacheka mwenyewe na kwenda kutia chai nyingine. Nilibaki nimeshika karatasi. Ningeweza kuirarua pale pale. Badala yake niliirudia kwa kalamu.

Mnunuzi alitaka magari yafike Riyadh kwa magurudumu yao, si juu ya lori. Gari la safari ndefu, alisema, lipimwe kwa safari. Tulipangiwa kuondoka Jumamosi alfajiri. Baba angetangulia kwa ndege.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala ya mchana, mzee alitoka na madam kwenda kwa dada yake madam, mtaa wa Al-Rawdah. Nilibaki peke yangu gerejini. Kazi ya Mwitaliano ilikuwa imekwisha. Nikafungua boneti ya Mwingereza.

Kwetu, gari linalouzwa huoshwa injini siku moja kabla ya mnunuzi kuja. Hakuna anayekufundisha jambo hilo, unakua ukiliona. Unachukua ndoo ya dizeli na brashi, unasugua mpaka kila bomba linang'aa, unafuta kwa kitambaa, na mnunuzi akifungua boneti anaona mtu aliyejali. Injini ya Mwingereza haikuwa chafu, ila ilikuwa na vumbi la miaka, na juu ya ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini kulikuwa na michoro ya njano iliyofifia, kama ya mtoto aliyeachiwa kalamu ya nta.

Mzee alikuwa ameniambia zamani, "Huku ndani usiguse." Hakunieleza sababu, nami sikuuliza. Moyoni nilimwona mzembe anayeficha uzembe wake kwa amri.

Nimejaribu mara nyingi kusema niliosha kwa ajili ya heshima ya nyumba. Si kweli. Niliosha ili Mwingereza apendwe, achukuliwe, mzee aende, mimi nibaki. Na kulikuwa na kitu kingine chini ya hicho, kitu ninachokionea aibu zaidi: sikuweza kuvumilia kuiona ile michoro. Niliisugua mwisho kabisa. Ilitoka upesi kuliko nilivyotarajia. Nta na dizeli hazichukui muda. Ukuta ukabaki umeng'aa kama sufuria ya wageni.

Nilimwambia mzee jioni kwamba nimekagua mafuta na maji ya magari yote mawili, asijisumbue. Alinishukuru. Katika faili sikuandika kitu. Mimi, niliyeandika hata siku niliyopangusa kioo.

Tulipanda mlima wa Taif jua likiwa bado changa, mzee mbele, mimi nyuma. Mwitaliano alianza kupata joto kwenye kona za juu, kama nilivyoandika, na nikawasha taa tusimame. Mzee alishuka akazunguka Mwingereza, pua juu.

"Leo huyu bwana ananuka kama lori la kokoto."

"Labda ni kule tulikoweka petroli."

"Labda," alisema.

Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akatoa chapati kwenye mfuko, akanikatia nusu, na tukala tukingoja radieta ipoe.

Baada ya Taif nchi ilitandaa, barabara ikanyooka, na mzee akaniambia tubadilishane. "Utalinganishaje pilau na biriani kwa harufu? Kaa huku uonje." Kwa hiyo nusu ya pili ya safari niliendesha Mwingereza, na hapo ndipo nilipojua kwamba ulinganisho wangu, pamoja na nia yake mbaya, haukumtosha. Gari lile halikuendeshwa, lilikubali tu. Niligusa usukani likaelekea. Nililegeza mguu likapumua. Miaka minane ya mkono wa mtu mmoja ilikuwa ndani yake, gia zikiingia bila kusukumwa, breki zikishika pande zote sawasawa. Mwitaliano wangu alikuwa ametengenezwa vizuri. Huyu alikuwa ametunzwa. Tofauti hiyo sikuwa nimeiandika popote, kwa kuwa sikuijua. Mbele yangu nilimwona mzee kichwa kikicheza kwa muziki wa silinda kumi na mbili, akinipungia mkono dirishani kama bwana harusi.

Asubuhi iliyofuata, katika ghala la mnunuzi, magari yaliwekwa bega kwa bega. Mtaalamu alikuwa mtu mzima aliyeletwa kutoka nje, mwenye tochi ndogo na kioo cha mpini mrefu kama cha daktari wa meno. Alimaliza Mwitaliano kwa saa moja na nusu, akaandika, akatikisa kichwa hapa na pale. Alipofika kwa Mwingereza alikuwa na furaha usoni. Alikuwa ameona picha. Akafungua boneti.

Mwanga wa tochi ulikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma, ukasimama, ukatafuta kushoto, ukatafuta kulia.

"Yako wapi?" aliuliza.

Alitoa simu akamwonyesha baba picha ambazo baba mwenyewe alimtumia: namba ya gari kwa nta ya njano, na chini yake herufi mbili. Alieleza polepole, nami nilielewa kila neno, maana Kiingereza cha injini ndicho nilichokijua. Fundi aliyeunganisha mwili wa gari na injini aliandika namba ile kwa mkono wake, na herufi zile zilikuwa za jina lake. Magari mengi ya aina ile yalishapoteza maandishi hayo. Hili lilikuwa nayo. Rangi hupakwa upya, alisema, ngozi hushonwa upya, lakini mkono wa yule mtu tutautoa wapi?

Mzee aliona wakati mmoja na sisi sote. Niliuona mgongo wake ukijikunja kidogo.

Baba aligeuka. "Nani ameosha?"

Alimtazama mzee, kwa kuwa gari lilikuwa la mzee. Mzee akanitazama mimi. Sijui ulikuwa muda gani. Ulitosha mtu kusema neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni, na nilikuwa nikilipanga: nianze na samahani au nianze na sababu, nilitaje tendo au nia. Nilikuwa ninaliandika kwa penseli.

"Ni gari yangu, baba," mzee alisema.

Hakusema ni yeye aliyeosha. Baba hakuitambua tofauti hiyo. Mimi niliitambua.

Mnunuzi alichukua Mwitaliano. Kwa ahadi ya baba, kwamba gari litakalobaki litabaki na mtunzaji wake, mimi ndiye niliyepaswa kurudi nyumbani. Lakini baba alikuwa amekasirika kimyakimya, na alipotuita nje ya ghala hakuikumbuka ahadi, au aliikumbuka akaikataa. Miaka minane, alimwambia mzee, halafu hili. Halas, basi. Kijana ataendelea na gari. Mzee aliitikia kwa kichwa. Nami pia niliitikia kwa kichwa.

Alasiri mzee aliniomba nimsindikize soko la Al-Dirah kutafuta sanduku la safari. Aliingia duka la kwanza, akatoa masanduku mawili, la kahawia na jeusi, akayaweka sakafuni bega kwa bega.

"Haya, mtaalamu wa kulinganisha. Lipi?"

"Mzee..."

"Lipi? Andika ripoti."

Hakuwa anacheka wala hakuwa amekasirika. Nilichuchumaa. Nilijaribu zipu zote mbili, nikazungusha magurudumu, nikabonyeza pembe. Nasema kweli, nilifanya kazi ile kwa uangalifu wangu wote. Nikamwambia jeusi, zipu yake ni nzito. Akalichukua jeusi. Njiani alilivuta mwenyewe, akakataa nimsaidie.

Tuliporudi Jeddah, baba alitaka jambo lile liingizwe katika faili, maana mnunuzi yeyote wa baadaye angeuliza. Nilikaa mezani gerejini nikaandika: Injini ilioshwa kwa dizeli na mtunzaji wa gari hili, maandishi ya kiwandani yamefutika. Nilisoma tena. Mtunzaji wa gari hili. Kufikia siku hiyo mtunzaji nilikuwa mimi. Nilijiambia kwamba kwa njia hiyo sijasema uongo. Nikapitisha kalamu, nikafuta penseli, baba akatia sahihi.

Dada aliyepika pale nyumbani, mtu wa Mombasa, ndiye pia aliyefua nguo zetu za kazi. Alinisimamisha kwenye mlango wa jikoni siku mzee alipoondoka.

"Kaka, ile ovaroli iliyonuka dizeli wiki ile haikuwa ya mzee."

Nilinyoosha mkono nipokee sahani.

"Haya. Mie nimefua tu," alisema, akanipa sahani yangu. Tangu siku hiyo alinipakulia bila kunitazama. Hakupunguza chakula hata kidogo. Alikuwa akiniongezea nyama.

Mzee hakuniaga kwa maneno makubwa. Alinipa funguo za Mwingereza, akaniambia asubuhi nikiliwasha nisikanyage mafuta, niliache lijitafute lenyewe. "Lina adabu. Usilipigie kelele." Akaingia gari lililompeleka uwanja wa ndege, sanduku jeusi magotini ingawa buti lilikuwa tupu.

Niliishi na gari lile miezi saba. Kila nilipofungua boneti, macho yalikwenda kwenye ule ukuta. Niliwahi kununua kalamu ya nta ya njano. Nilikuwa na picha zile za baba, ningeweza kunakili namba na herufi zile mbili mpaka hata yule mtaalamu asitambue. Mkono wangu ni mzuri kwa mambo hayo. Nilijaribu kwenye kipande cha bati. Jaribio la tatu lilifanana kabisa. Nikaliona, nikaogopa, nikaivunja kalamu.

Kisha nikasikia, kupitia kwa dada wa jikoni na wala si kwa mzee mwenyewe, kwamba binti yake amesimamisha masomo, yuko nyumbani, anauza maziwa na mama yake.

Siku iliyofuata nilifungua faili kwenye ukurasa ule. Chini ya sahihi ya baba niliandika kwamba aliyeosha injini ni mimi, dereva wa pili, siku ya Ijumaa, mtunzaji akiwa hayupo. Kwamba mtunzaji alikuwa amenikataza. Kwamba niliosha ili gari liuzwe, yeye aondoke. Na kwamba sentensi ya juu niliiandika ili isomeke vibaya. Nikampelekea baba atie sahihi, kama ilivyokuwa desturi.

Alisoma amesimama. Alisoma mara ya pili amekaa. Nilisubiri anifukuze, na ninakiri kwamba nilitamani anifukuze, ingekuwa rahisi zaidi. Alichukua kalamu akatia sahihi. Kisha akasema mambo mawili. Mkataba wangu ukiisha hatauongeza. Na nimpigie mzee, sasa hivi, mbele yake, nimwambie kwamba akitaka kurudi visa itatumwa wiki hii.

Nilipiga. Ng'ombe alilia nyuma ya sauti ya mzee. Nilimweleza yote, vibaya, bila mpangilio, na hakunikatiza.

"Nilijua tangu Taif," alisema. "Nilikungoja uniambie njiani. Njia ilikuwa ndefu ya kutosha."

"Nisamehe, mzee."

"Hilo la msamaha liache kwanza. Baba yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie nitazungumza na mama watoto, nitamjibu kesho. Miguu hii imeshazoea matope." Akaongeza: "Na hayo uliyoandika kwenye faili. Umeandika kwa penseli?"

"Hapana. Kalamu moja kwa moja."

"Hukukosea?"

"Nilikosea, mzee. Neno moja. Nimelikata kwa mstari, nikaliacha."

"Haya," alisema. "Liache hivyo."